Foronya ya Kudarizi kwa Siku ya Rafiki

Rafiki yako anaolewa mwisho wa mwaka. Au mdogo wako amepata chumba chake cha kwanza cha kupanga, baada ya kulala kwenye kochi la shangazi tangu amalize chuo. Au jirani anakaribia kujifungua. Unataka kumpa kitu cha mkono wako. Mdarizie foronya, jozi moja tu, na uzitengeneze kwa nia kwamba zitalaliwa, zitafuliwa na kuanikwa mpaka zichakae.

Nasema hivi kwa sababu makabati ya watu yamejaa mashuka mazuri yaliyokunjwa ndani ya mifuko ya nailoni, yakimsubiri mgeni ambaye haji. Mengi yaliingia humo kwa hofu. Mwenyewe anaogopa rangi zitachuja au maua yatafumuka, au yamedariziwa kwa wingi hata hapana pa kulaza shavu. Aliyepewa zawadi ya aina hiyo amepewa kazi ya ulinzi. Basi kuanzia dukani mpaka siku ya kukabidhi, jiulize swali moja: kitu hiki kikishaingia kwenye beseni mara hamsini, kitatokaje?

Kwa nini foronya

Wengi huanza na shuka zima, wakaishia robo. Fanya hesabu. Kitanda cha futi tano kwa sita kina godoro la sentimita 152 kwa 183. Ongeza unene wa godoro la inchi 8, yaani sentimita 20 kila upande, na sentimita 25 za kuchomeka chini kila upande. Unahitaji kitambaa cha sentimita 242 kwa 273 kabla hata hujapinda ukingo. Ni kitambaa kizito mapajani, kinaburuzika sakafuni, na kila ukikigeuza kinaokota vumbi. Tena lazima ujue kitanda chake kina ukubwa gani, na huenda bibi harusi mwenyewe bado hajui.

Mto hauna fitina hiyo. Mito mingi ya madukani inakaribia sentimita 50 kwa 75. Foronya moja yenye ulimi wa ndani wa kuzuia mto usichomoke inakula kipande cha sentimita 55 kwa 175, pindo zikiwemo. Kitambaa chenye upana wa sentimita 115 kikikatwa katikati kwa urefu kinatoa zote mbili. Nunua mita mbili kamili, kwa sababu kitambaa kitarudi kikifuliwa, na kwa sababu mkasi nao una siku zake.

Kitambaa na uzi

Hapa usiwe na haraka, maana sehemu kubwa ya kazi inaharibikia dukani kabla sindano haijagusa kitu.

Tafuta pamba tupu. Muuzaji atakwambia kila kilichopo rafuni ni pamba, na pengine anaamini hivyo. Omba kijinyuzi kimoja kutoka ukingoni, ukichome nje juu ya sahani yenye maji. Pamba inaungua upesi, inanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Polista inajikunja, inayeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu. Mchanganyiko una dalili zote mbili. Mchanganyiko si haramu, unakauka haraka na haukunjamani sana, lakini usiku wa joto la Dar es Salaam au Mombasa shavu linajua tofauti.

Kama mfuko ni mwembamba, chukua marekani. Watu huidharau kwa sababu ya rangi yake ya krimu na vijidoa vya mbegu za pamba, nami naona ndiyo inayopendeza zaidi chini ya uzi mweupe au wa kahawia. Ni kitambaa chenye ukoo mrefu kwetu: karne ya 19 kililetwa Unguja kwa marobota na merikebu za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, na biashara hiyo ilikuwa na uzito kiasi kwamba Sayyid Said alitia saini mkataba na Marekani mwaka 1833. Tabia yake moja mbaya ni kurudi sana. Lakini hata pamba nyingine yoyote usiikate kabla ya kuifua. Iloweke usiku kucha, asubuhi ifue kwa maji ya moto ili wanga wa kiwandani utoke, ianike, kisha ipige pasi ikiwa na unyevu bado. Ukiruka hatua hii, kitambaa kitarudi baada ya kudariziwa huku uzi ukibaki na urefu wake, na maua yote yatakunjamana.

Uzi wa kudarizi wa pamba unauzwa kwa vifungu vidogo vya mita 8, na kila uzi umeundwa na nyuzi sita nyembamba unazoweza kuzitenganisha. Tumia nyuzi mbili kwa majina na mashina, tatu kwa maua. Sita kwa pamoja ni za vitambaa vya meza. Majina yanayopatikana zaidi madukani ni Anchor na DMC, hili la pili likiwa la kiwanda cha Mulhouse, Ufaransa, kilichoanza mwaka 1746. Vipo pia vifungu visivyo na jina, bei nusu, na vingine ni vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba huwezi kujua kwa macho.

Kwa hiyo jaribu kila rangi. Kata kipande cha uzi, kiloweshe kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kifungie ndani ya kitambaa cheupe kibichi na ukipitishie pasi ya moto. Kikiacha alama, uzi huo haufai, hata ukiwa umeupenda namna gani. Nyekundu, nyeusi na buluu iliyokoza ndizo za kutiliwa shaka kwanza. Kuna wanaoamini kwamba siki au chumvi itaikamatisha rangi. Kwa rangi nyingi za kiwandani za siku hizi haisaidii, utapata tu foronya yenye harufu ya kachumbari.

Nyuzi za sweta zina watu wake, hasa bara, na maua yake hujaa upesi. Mimi naziweka kwenye vitambaa vya makochi. Kwenye foronya ni nene, zinaacha alama usoni asubuhi, na nyingi ni za akriliki, hivyo pasi ya moto inazilaza zisiamke tena.

Sindano iwe ile yenye tundu refu. Kadiri namba inavyopanda ndivyo inavyokuwa nyembamba. Namba 7 inakufaa kwa nyuzi mbili au tatu. Fremu ya duara ya sentimita 15 inatosha. Zungushia duara la ndani utepe wa kitambaa chakavu cha pamba ili kazi isiteleze, kaza skrubu mpaka kitambaa kitoe mlio ukikigonga kwa kidole, na kila unapomaliza kwa siku hiyo kifungue. Fremu ikilala na kitambaa inaacha duara lisilofutika kwa pasi moja.

Mchoro uwekwe wapi

Mahali pazuri pa mchoro ni upande ule mto unapoingilia, ndani kidogo ya pindo, au pembe moja ya juu. Katikati pabaki peupe. Watu wakisifu kazi husifu ile iliyojaa katikati, nawaelewa, inapendeza kwenye picha. Lakini hapo ndipo kichwa kinapolala, na ndipo mafuta ya nywele yanapoganda na fulio linapokazwa.

Chora vitu anavyovijua. Tawi la asumini, kikonyo cha karafuu chenye vichwa vyake, kilua, ile korosho iliyozoeleka kwenye mipindo ya kanga. Waridi lenye petali ishirini achia mashine. Kama mkono wako hauchori, kikombe cha kahawa kisicho na mkono kinakupa duara sawasawa kila mara. Ndani yake gawa petali tano, unapata ua. Chora kwanza kwenye karatasi kwa kalamu nyeusi, ibandike karatasi kwenye kioo cha dirisha mchana, weka kitambaa juu yake na ufuatishe kwa penseli bila kukandamiza. Karatasi ya kaboni ya ofisini iache, wino wake unasambaa na hautoki wote. Kwa kitambaa cheusi au cha rangi iliyokoza, chaki ya fundi iliyochongwa itafaa, chora kidogo kidogo maana inafutika ukiigusa.

Mishono mitatu inatosha

Kuna mishono mingi, na shuleni tulisomeshwa mingi kuliko tuliyowahi kuitumia. Kwa kazi hii jifunze shina, mnyororo na blanketi.

Shina ni kwa ajili ya vikonyo na majina. Toa sindano juu ya mstari upande wa kushoto. Ichomeke mbele kwa umbali wa nusu sentimita, na kabla hujavuta uzi wote, irudishe ncha itokee katikati ya hatua hiyo, uzi ukiwa umelala upande wa chini. Vuta. Hatua inayofuata ni hiyohiyo: nusu sentimita mbele, kutokea pale hatua iliyopita ilipoishia. Uzi ukae upande uleule siku zote, la sivyo kamba inayojitokeza itavunjika katikati. Kwenye kona kali fupisha hatua.

Mnyororo ndio unaotengeneza asumini. Toa sindano katikati ya ua, kunja uzi uwe kitanzi na ushikilie kwa dole gumba. Rudisha sindano kwenye tundu lilelile, itokee kwenye ncha ya petali, ndani ya kitanzi. Vuta polepole mpaka kitanzi kikae, usikinyonge. Kwa petali moja, kifunge kwa mshono mdogo unaopita juu ya ncha yake, kisha rudi katikati uanze petali nyingine. Kwa mstari mrefu usikifunge, anza kitanzi kipya ndani ya cha kwanza. Petali isizidi sentimita moja. Kitanzi kirefu kinanaswa na bangili, pete na kucha, na kikinaswa kinavuta wenzake.

Hiyo ndiyo sababu siupendi mshono wa kujaza kwa matandiko, ule wa nyuzi ndefu zilizolazwa sambamba mpaka jani linang'aa. Ukiutaka, jani liwe jembamba. Angalia kofia za viua za Unguja na Lamu: kazi yake yote ni mishono midogo iliyobanana kuzunguka matundu madogo, ndiyo maana zinafuliwa na kutiwa wanga mwaka baada ya mwaka na bado zinasimama kichwani. Kumma ya Oman ni ndugu yake, na uimara wake unatoka palepale.

Blanketi ni wa ukingo. Wengi wanaujua tangu darasa la tano: sindano inaingia juu, inatokea ukingoni ndani ya uzi, hatua kwa hatua zenye nafasi sawa.

Usianze kwa fundo. Acha mkia wa sentimita tano nyuma, ushikilie, na ukishafanya mishono kadhaa upenyeze mkia huo chini yake. Kumaliza ni vivyo hivyo. Fundo hupenya kitambaa au kufunguka siku ya tatu ya fulio. Usiruke pia kutoka ua moja kwenda jingine kwa uzi mrefu nyuma. Pembe ya mto itaukamata. Kata uzi wako uwe wa urefu wa kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko. Mrefu zaidi unachakaa kwa kupita tunduni kabla haujaisha.

Nawa mikono kabla ya kushika kazi, na kama umepaka hina leo, pumzika leo. Rangi nyeusi darizi mchana. Hesabu sindano zako kabla ya kuinuka, hasa ukiwa umekaa kitandani au pana mtoto anayetambaa.

Maneno

Jina na tarehe vinatosha. Herufi za sentimita mbili, mshono wa shina, rangi moja. Kabla ya kuchora, muulize ndugu yake anavyoliandika jina lake, maana kuna Asha, Aisha na Aysha, na kila mmoja anajua lake lilivyo.

Ukitaka kuandika neno zaidi ya jina, liwe fupi na liwe lake. Mtaa mlikokulia, utani wenu wa bwenini, jina mnaloitana wenyewe tu. Nimeona foronya za maharusi zilizoandikwa VUMILIA, nyingine SUBIRA YAVUTA HERI kwa herufi kubwa nyekundu. Bibi harusi ameshausiwa na kungwi, somo, mama, shangazi na kamati nzima ya kichen pati. Mahali pa kulala mwache apumzike na mawaidha.

Kwa mtoto anayetarajiwa, sindano isitangulie mbele ya habari. Familia nyingi hazipendi vitu vyenye jina kabla mtoto hajafika, na nyumba nyingi za Kiislamu humpa jina siku ya saba pamoja na akika. Na usimtengenezee mtoto mchanga foronya kabisa, kwa sababu mtoto wa chini ya mwaka mmoja hafai kulazwa kwenye mto. Unaweza kumziba pumzi. Mdarizie mama yake. Kila anayekuja kumwona mzazi anabeba taulo dogo, kofia ndogo, soksi ndogo, na yeye aliye katika arobaini yake, halali usiku, anapewa mchuzi wa kuku na ushauri. Foronya mbili mpya zenye jina lake mwenyewe zitamfikia mahali pake.

Kaeni pamoja

Unaweza kudarizi peke yako usiku redio ikiwa wazi, na kuna raha yake. Lakini kazi hii inakwenda mbali zaidi kwa watu wanne hadi sita, alasiri, barazani au chini ya mwembe, kabla mwanga haujaisha. Ukishakuwa na siku iliyopangwa, kazi haikai wiki tatu mfukoni. Tena macho ya mwenzako yanaona kosa lako mapema, lingali la mishono mitano.

Vikao vya namna hii vinakufa kwa sababu mbili, na zote zinazuilika. Ya kwanza ni chakula. Wiki ya kwanza ni chai na kashata, ya pili mwenyeji anaongeza sambusa, ya tatu pilau, na ya nne mtu ambaye mshahara haujatoka anasema ana homa. Wekeni sheria tangu siku ya kwanza: chai na kitafunwa kimoja, mihogo ya kuchemsha ikihesabiwa kuwa kitafunwa kamili. Ya pili ni maneno kutoka nje. Mtu akiwa ameinamia sindano husema mambo ambayo asingeyasema akitazamwa usoni, ndiyo faida yake kubwa, na anayeyachukua kwenda nayo sokoni asialikwe tena.

Fedha zipangwe kama upatu, au chama kama mnavyosema Kenya, kwa kiwango ambacho hakimuumizi mtu. Watu watano wakitoa shilingi 3,000 kila wiki, mwezi unaisha na shilingi 60,000. Badala ya kumpa mmoja wenu taslimu, nunueni kitambaa kwa jora na uzi kwa boksi, vyote vikae kwenye kikapu kimoja. Jora linapunguza bei ya kila mita, na boksi la pamoja linampa kila mtu rangi ambazo peke yake asingenunua.

Asiyejua kudarizi asifukuzwe. Apewe majani, maana jani lililopinda halijulikani. Au akate nyuzi, au asome gazeti kwa sauti. Na wanaume mnaosoma mkidhani hili haliwahusu, tazameni shingo ya kanzu iliyodariziwa. Mafundi wengi wa kazi hiyo pwani ni wanaume, na kofia nao wanazishona. Kikao kikiwa na kaka mmoja mwenye mkono mtulivu, majina yote mpeni yeye.

Sheria nyingine moja: asifumue mtu kazi ya mwenzake bila kuombwa. Kufumua kwenyewe kunafanywa kutoka nyuma, kwa mkasi mdogo, mshono mmoja mmoja. Anayevuta kutoka mbele anatoboa kitambaa.

Kikao kinaweza pia kutengeneza kitu kimoja cha pamoja, tuseme kitambaa cha meza cha mwalimu anayestaafu au jirani anayehama. Kubalianeni rangi tatu, nyuzi tatu kwa kila mshono, na duara la kikombe kilekile cha kahawa. Baada ya hapo kila mtu na ua lake. Maua yatatofautiana, la mmoja limekaza, la mwingine limelegea, na baada ya miaka mwenye kitambaa atakuwa bado anaweza kusema hili la nani na lile la nani. Jina na tarehe peke yake viwe kazi ya mkono mmoja.

Kumalizia na kukabidhi

Darizi kwanza, kushona kuje baadaye, kitambaa kikiwa bado kipande kimoja tambarare. Ukishamaliza, fua kwa maji baridi na sabuni kutoa penseli na jasho la mikono. Rangi ikianza kuchuja licha ya majaribio yote, usianike. Suuza kwa maji baridi mara nyingi mpaka yawe meupe, kwa sababu rangi ikikaukia kwenye kitambaa imehamia. Anika kivulini, ndani nje. Pasi ipite upande wa nyuma, juu ya taulo nene, ili maua yasilale.

Kushona foronya ni kazi ya nusu saa kwenye cherehani. Pinda ncha mbili fupi, kunja sentimita 15 za ulimi kwa ndani, kisha shona pembeni mara mbili: kwanza nje ikiwa nje, ukate masalio yawe membamba, halafu geuza ushone tena kwa ndani ili nyuzi za ukingo zifungiwe. Huna cherehani, mpelekee fundi, na umwambie waziwazi asiguse maua kwa pasi.

Watu wakiona utaombwa. Dada wa ofisini atataka jozi tatu, na atauliza bei huku akitaja bei ya foronya za mtumba. Usijibu "nipe chochote". Hesabu kitambaa, uzi na saa zako kwa ujira ambao wewe mwenyewe ungekubali kuajiriwa nao, utaje jumla, na unyamaze. Akiona ni ghali mtabaki marafiki, na wewe utabaki na jioni zako.

Siku ya kumpa, achana na meza ya zawadi kama unaweza. Kwenye kichen pati na sendofu zawadi hutangazwa kwa kipaza sauti, na foronya iliyotajwa baada ya friji haisikiki. Nenda nyumbani kwake wiki moja au mbili baadaye, viti vya kukodi vimesharudishwa na wageni wamekwenda zao. Mpe bila mfuko wa nailoni, zikiwa zimekunjwa tu ndani ya kanga au karatasi. Mwambie mambo mawili: asitie jiki, na asiziweke kabatini. Kama kitanda kipo karibu, zivisheni mito hapohapo mkiwa mnaongea.

Kwa anayeanza, jozi moja yenye tawi dogo na jina inahitaji mwezi wa jioni za kawaida, umeme ukikatika humo. Ukiwa na chini ya wiki mbili, punguza: darizi kitambaa kimoja cha mkono, kona moja, herufi moja, na foronya zifuate siku ya kumbukumbu ya mwaka wa kwanza wa ndoa yake. Lakini kama sherehe iko mwezi ujao, kitambaa nunua wiki hii, na usiku huohuo kiloweke.